Sentimita Mia Tatu na Sitini za Serikali

Umma unatangaziwa kwamba sentimita mia tatu na sitini za sahani, mali ya Serikali, zilitoweka kati ya Uru na Moshi mjini, na kwamba hatua zote zilichukuliwa kwa mujibu wa taratibu. Mimi Salehe, Katibu wa Ofisi ya Uratibu wa Vyombo vya Mlo wa Kila Siku, Kanda ya Mlimani, ndiye niliyeandika tangazo la kwanza, tangazo la pili la kusahihisha la kwanza, na sasa taarifa hii. Naiandika kwa sababu mitaani, hasa kule kwetu Pasua, watu wameanza kuicheka habari hii. Hakuna cha kucheka. Mita tatu na sentimita sitini za sahani si kitu cha kupotea hivi hivi.

Kwa wasioifahamu, ofisi yetu ipo ghorofa ya pili, mlango usio na kibao, kwa sababu kibao kinasubiri idhini ya rangi. Tupo watumishi tisa. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba Mtanzania anakula chakula chake cha kila siku kwenye chombo kilichofinyangwa kwa mkono wa Mtanzania, badala ya zile sahani za plastiki zinazotunza harufu ya samaki mpaka Pasaka. Sisi wenyewe tulikuwa tukila kwenye hizo za plastiki, kwa mama ntilie wa pale chini, lakini hiyo ilikuwa ni sehemu ya utafiti.

Ukubwa wa sahani ya Serikali haukuokotwa njiani. Ulipatikana katika semina ya siku nne, yenye chai ya saa nne na chai ya saa kumi. Wataalamu walikubaliana kwamba ugali unahitaji sentimita kumi na mbili, mboga nane, nyama tano, na tano zinazobaki ni za heshima, yaani ule ukingo mtupu unaoonyesha kwamba mlaji hana pupa. Jumla, sentimita thelathini. Mratibu wetu, Ndugu Sirili, mzaliwa wa Mkuu kule Rombo, aliisoma jumla hiyo kwa sauti mara mbili, na ukumbi ukapiga makofi.

Kazi ya kutengeneza sahani mia na ishirini ilikwenda kwa Digna, mfinyanzi wa Uru, mama wa miaka hamsini na nane ambaye majirani humwita Mama Aika. Karakana yake ipo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa: gurudumu moja la kusukuma kwa mguu, meza mbili, na tanuru la matofali alilolijenga mwenyewe. Nakiri, maana taarifa ya Serikali haina budi kuwa ya kweli, kwamba vyombo vyake ni vizuri mno. Huvipaka maji ya majivu ya maganda ya kahawa, na moto huyageuza majivu hayo kuwa kioo chembamba chenye rangi ya chai. Bakuli lake likijazwa mtori wa moto halikuunguzi, linakupasha viganja tu. Ninalo moja nyumbani, na nimelijaza kwenye fomu ya kutangaza mali.

Ukaguzi wa kwanza ulifanyika sahani zikiwa bado mbichi. Hii ni kanuni yetu, na imejengwa juu ya msingi imara wa methali: samaki mkunje angali mbichi. Kasoro ikigundulika sahani imeshachomwa, utaikunjaje? Mratibu alishuka kwenye gari, akaingia karakana bila kumwamkia mtu, akaweka rula ya chuma juu ya sahani ya kwanza.

"Thelathini na tatu na ushee," alisoma. "Mama, hii ni nini?"

"Sahani, baba."

"Naona ni sahani. Makubaliano yanasema thelathini."

"Itafika thelathini. Hiyo bado mbichi. Ikikauka inanywea, ikichomwa inanywea tena. Udongo wangu huu nimeuzoea, fungu moja katika kumi linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

Mama Aika alimwangalia vizuri kuona kama anatania. "Linakwenda tu, baba. Maji yanatoka, udongo unajikaza."

Mratibu akanigeukia. "Katibu, andika. Ziada ya sentimita tatu kwa kila sahani. Ufujaji wa udongo."

"Ukitaka nikate, nitakata," alisema Mama Aika. "Ila usije ukaniuliza baadaye."

"Samaki mkunje angali mbichi, mama."

"Ni kweli. Lakini wewe umeshaona wapi samaki mbichi na samaki mkavu wakalingana?"

Swali hilo halikuwamo kwenye orodha ya ukaguzi, kwa hiyo halikujibiwa. Alizikata zote, moja baada ya nyingine, kwa siku mbili, akishika waya mwembamba na kulizungusha gurudumu polepole. Mimi nilipima kila iliyokatwa. Thelathini kamili, mia na ishirini kwa mia na ishirini. Mratibu alisaini cheti cha kuridhika, tukashuka mjini tukiwa na mkungu wa ndizi ambao Mama Aika alitupa, maana Uru mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa mgeni wa aina yetu.

Wiki tatu baadaye sahani zililetwa ofisini zikiwa zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Zilikuwa zinang'aa. Zikigongwa kwa ukucha zinalia vizuri. Mratibu aliagiza zipimwe kabla ya kupigwa picha, nikaweka rula kwenye ya kwanza, nikaitoa, nikaifuta, nikaiweka tena. Ishirini na saba. Ya pili, ishirini na saba. Nilipofika ya arobaini nilishaanza kufanya hesabu.

Kikao cha dharura kilikaa mchana kutwa. Hoja kuu ilikuwa: sentimita tatu zilizopungua zinatolewa kwenye fungu gani? Ugali hauguswi, huo ni utaifa. Mboga ni afya. Heshima ni heshima. Ikabidi zitoke kwenye nyama, na hapo kila mtu aliona kwamba mwananchi ameachiwa sentimita mbili za nyama.

"Huu ni wizi," alisema Mratibu. "Zilitoka kwangu zikiwa thelathini, nimesaini mwenyewe. Zimerudi ishirini na saba. Katikati hapo alikuwepo nani? Yule mama na moto wake. Basi, kimenuka."

Tulipanda Uru siku iliyofuata na mgambo mmoja, kufuli na karatasi ya kubandika. Majirani walikuwa wamekusanyika kwa sababu gari la Serikali likipita kule juu kila mtu hutoka kuona limemfuata nani. Mratibu alisimama juu ya ngazi ya nyumba akasoma tangazo: tanuru limefungwa, na mfinyanzi anapewa siku thelathini kurejesha sentimita mia tatu na sitini, la sivyo jalada litapelekwa polisi. Ndani ya tanuru kulikuwa na mabakuli arobaini yakisubiri moto. Yakafungiwa humo humo.

Mama Aika hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele ya Mratibu, udongo ukiwa umemkaukia viganjani.

"Tanuru nifungie, sawa, una kufuli," alisema. "Lakini umeniita mwizi mbele ya majirani zangu. Hapa nimemzika mume wangu, hapa nimelea watoto wangu kwa huo udongo, na Jumapili nasimama nao hawa kanisani. Kesho nitawatazamaje? Mwizi wa nini mimi, baba? Wa kitu ambacho hata wewe mwenyewe huwezi kunionyesha?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono akabaki na mstari wa udongo shavuni. Niliona aibu. Fomu zetu hazina nafasi ya kujaza jambo hilo, ndiyo maana nalitaja hapa.

Msako wa sentimita uliendeshwa kwa weledi. Tulitafuta chini ya kitanda, juu ya dari, kwenye ghala la mahindi. Tulichimba kwenye migomba sita. Zizini ng'ombe alisimama juu ya sehemu tuliyoitilia shaka kwa muda wa dakika arobaini, akakataa kusogea, na Mratibu akaelekeza iandikwe kwamba ng'ombe hakutoa ushirikiano. Saa kumi hivi tulipata ndoo mbili za vipande vya udongo mkavu nyuma ya karakana, tukashikana mikono kwa furaha, mpaka Mama Aika alipotukumbusha kwamba hiyo ni ile ziada tuliyomwamuru aikate. Zilikuwa sentimita nyingine kabisa.

Hapo ndipo Mratibu alipobuni Jaribio la Sahani Moja, na sijui kwa nini halijafundishwa vyuoni. Mama Aika angefinyanga sahani moja mbele yetu, ya sentimita thelathini. Ili asije akaibadilisha, ingepigwa mhuri wa ofisi katikati, ingali mbichi. Tanuru lingefunguliwa kwa ajili ya sahani hiyo pekee, yale mabakuli yakae nje, mgambo akalilinda mpaka lipoe.

"Mbele ya mhuri wa Serikali," alisema Mratibu, "hakuna sentimita itakayothubutu kutoroka."

Ofisi ina mhuri mmoja, unaokaa kabatini. Siku hiyo mwenye ufunguo alikuwa msibani. Lakini Mratibu ni mtu wa kujipanga. Alikwenda kwenye gari akatoa mhuri wa dharura kwenye droo ya mbele, ule aliokuwa akiutumia kugongea vibali vya wauza vyombo huko huko sokoni, ili wasichoke kupanda ngazi zetu. Akaubonyeza katikati ya sahani. Ukakaa vizuri, duara safi, ngao inaonekana. Mama Aika aliutazama kwa muda, akainamisha kichwa upande kama anavyofanya anapokagua kazi.

Sahani ilikauka wiki nzima chini ya ulinzi wa mgambo, ikaingia motoni, na siku ya tatu tukalifungua tanuru. Sahani ilitoka nzima, mhuri uko pale pale. Niliweka rula.

"Ishirini na saba, Mheshimiwa Mratibu."

"Ameiba mbele yetu!" Mratibu alipaza sauti. "Mbele ya mgambo! Mbele ya mhuri!"

Kufuli likarudishwa. Usiku na mchana nikaandika ripoti ya kurasa thelathini na moja, na sahani ikafungwa kama kielelezo, ikapelekwa Makao Makuu Dodoma. Mratibu alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, kwa matumaini ya kuitwa kupongezwa.

Aliyekuja ni Bi Nasrin, Mkaguzi wa Ndani, mama mmoja mwembamba asiyependa soda wala utangulizi. Aliiweka sahani juu ya meza ya Mratibu. Alichopima hakikuwa ukingo. Aliweka rula yake ndogo katikati, juu ya mhuri.

"Thelathini na sita," alisema. "Kanuni inasema mhuri wa ofisi una upana wa milimita hamsini. Ukipungua ni wa kughushi. Huu nani aligonga?"

Tuliwasikia wateja wa mama ntilie kule chini wakiagiza maharage.

"Mimi," alisema Mratibu. Kisha macho yake yakapanuka, akasimama. "Lakini udongo unanywea! Kila mtu anajua! Maji yanatoka, udongo unajikaza, mhuri ukiwa ndani yake nao utafanyaje? Unapungua! Ni maumbile!"

"Ripoti yako ukurasa wa tisa inasema nadharia ya kunywea ni uzushi wa mtuhumiwa."

"Ukurasa wa tisa aliandika Katibu."

Ni kweli niliandika mimi. Alinisomea yeye.

"Nipatieni mtaalamu wa udongo athibitishe," alisema Bi Nasrin. "Keshokutwa saa tatu."

Tuliperuzi orodha ya wataalamu wa kanda nzima. Kulikuwa na wataalamu wa itifaki ya mlo, wa takwimu za vijiko, na mmoja wa mikunjo ya vitambaa vya meza. Anayeujua udongo alikuwa mmoja tu, na tanuru lake lilikuwa na kufuli letu.

Jioni ile Mratibu alipanda Uru, mimi nikiwa nyuma yake. Aliacha gari barabarani, akatembea. Kwa Wachagga, mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale lililofungwa fundo, na anayepelekewa hawezi kulikataa bila kujitia lawamani yeye. Mratibu aliyajua haya tangu utotoni. Alichosahau ni kulibeba jani lenyewe, kwa hiyo alilichuma kwenye ua wa Mama Aika, karibu na lango, akalifunga fundo haraka haraka.

"Shikamoo mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba." Mratibu alianza kumwomba radhi kwa Kichagga cha Rombo, Mama Aika akamjibu kwa Kichagga cha Uru, na baada ya dakika mbili wote wawili wakaona heri Kiswahili.

"Hili jani ni la ua wangu," alisema Mama Aika.

"Mlima ni mmoja, mama. Nimekukosea. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nakuomba unisamehe."

Mama Aika alilipokea kwa mikono miwili. Alililaza jani mapajani mwake, na nilimwona anahangaika nalo kweli kweli, maana si jambo jepesi kumsamehe mtu ambaye bado ana ufunguo wako mfukoni.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Sasa tanuru langu?"

Kufuli lilifunguliwa palepale. Majirani waliitwa, Mratibu akasimama juu ya ngazi ile ile akasema kwa kinywa chake kwamba Digna si mwizi na hajawahi kuwa. Watu walipiga vigelegele. Mimi niliandika barua ya kumsafisha, nikiwa na moyo mweupe kuliko nilivyowahi kuwa nikiandika barua yoyote: Ofisi inathibitisha kwamba udongo wa Digna, ukichomwa, hupungua fungu moja katika kumi, bila zaidi wala pungufu. Mratibu akasaini.

"Na keshokutwa utasema ukweli huo mbele ya Mkaguzi?" alimwuliza.

"Ukweli nitasema, baba."

"Ni huo tu. Ukweli mtupu."

Keshokutwa yake saa tatu Mama Aika alifika ofisini na kitenge chake cha kanisani na barua yake ndani ya bahasha. Mratibu alimvutia kiti mwenyewe. Bi Nasrin akamsogezea sahani.

"Mama, udongo huu unanywea?"

"Unanywea. Fungu moja katika kumi. Sahani iliingia thelathini, ikatoka ishirini na saba. Na barua hii hapa ya Mratibu inasema hivyo hivyo."

"Umesikia!" alisema Mratibu. Aliegemea kiti, akalegeza tai.

"Na mhuri uliomo ndani yake?" Bi Nasrin aliuliza.

"Nao ni vilevile. Moto haumwogopi mtu." Mama Aika akaomba rula, akaiweka juu ya mhuri, akainamisha kichwa upande. "Mhuri wa hamsini ukiingia motoni unatoka arobaini na tano. Huu umetoka thelathini na sita. Kinachotoka thelathini na sita, mama, kiliingia arobaini."

Nilisikia kiti cha Mratibu kikirudi mahali pake.

"Una hakika?"

"Ni miaka thelathini nafanya hesabu hiyo. Milimita nne ni za udongo, nimezichukua mimi. Kumi hizi nyingine udongo hauzijui. Zilikosekana kabla sahani haijaingia tanuruni."

"Mhuri wenyewe uko wapi?" Bi Nasrin alimwuliza Mratibu.

"Nadhani uko matengenezoni."

Utumishi wa umma ni kumsaidia kiongozi wako anapopitiwa. "Mheshimiwa," nikamkumbusha, "upo kwenye gari, droo ya mbele, chini ya vile vibali."

Uliletwa, na vibali vyake. Ulipimwa: arobaini. Ukaletwa na ule wa kabatini: hamsini. Mihuri miwili ilikaa mezani, mkubwa na mdogo, na Bi Nasrin akaanza kuvilinganisha vibali na ule mdogo, kimoja kimoja, bila haraka. Aliandika jina la Mratibu kwenye daftari lake. Aliandika na langu, bila shaka kwa ajili ya pongezi.

Mratibu alimgeukia Mama Aika. Sauti yake ya mikutano ilikuwa imemwishia. "Mama, si ulinisamehe? Si ulilipokea isale kwa mikono yako miwili, Katibu anaona?"

"Nililipokea, baba, na sijalirudisha," alisema Mama Aika akikunja barua yake. "Ya tanuru yalikuwa yangu, nimekusamehe. Hizi milimita kumi ni za Serikali, sasa mimi nitazisamehe kama nani?"